Ukishuka treni usigeuke: kutembea kwa miguu kutoka Nairobi bila gari

Nenda Ngong Hills Jumapili yoyote kama saa nne asubuhi, simama pale juu ya geti uangalie watu. Magari yamejaa mpaka kando ya barabara, watu wanashuka na raba nyeupe na chupa za maji, kilima cha kwanza wanakipanda wakicheka, cha pili wanapiga picha na mitambo ya upepo ya KenGen, cha tatu mtu anauliza kwani viko vingapi, anaambiwa saba, na hapo ndio anatokea yule mmoja, kila kundi lina huyo mmoja, anasema jamani si mnakumbuka gari tumeliacha kule? Basi wanageuka. Wanarudi na njia ileile, na kilele cha Lamwia, mita 2,460, hawakifiki.

Gari ni kamba ya mbuzi. Unaenda mpaka inapoishia halafu unarudi kwenye mti. Mimi sina gari na kwa mambo ya kutembea silitamani, kwa sababu ukienda na treni na matatu hakuna kitu kinachokungoja nyuma, unaweza kuanza hapa ukamalizia kule, na kule kukawa mbali kabisa na hapa, hata kaunti nyingine. Kwa hiyo Ngong Hills mimi naanza upande wa Ngong, napanda vyote saba, karibu kilomita 10 za mgongo wa vilima, Bonde la Ufa liko kulia kwangu na Nairobi kushoto, halafu nateremkia Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Hapo napata matatu mpaka Kiserian, Kiserian nyama ya mbuzi, Kiserian mpaka Rongai, Rongai mpaka tao, yaani Nairobi mjini. Kurudi nyuma hakuna.

Nataka niandike hizi njia za treni kwa sababu kila nikiuliza watu wananiambia "Nairobi hakuna treni ya kwenda mahali". Ziko. Ila hazikuwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutembea, na hiyo ni stori yenyewe.

Kwanza ukumbuke mji huu ni mtoto wa reli. Walianza kutandika kutoka Mombasa 1896, wakafika hapa Mei 1899, na walisimama hapa kwa sababu palikuwa na maji na ndipo tambarare ya mwisho kabla mlima haujaanza. Chukua hiyo picha uiweke kichwani maana inasaidia sana kupanga safari: magharibi ya Nairobi treni inapanda, mashariki inateremka mpaka baharini. Sisi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Limuru wamepita 2,200. Mtu mwenye akili anaacha injini ifanye kazi ya kupanda, yeye anatembea akiteremka.

Sasa shida. Treni za hapa mjini, zile za Syokimau, Embakasi, Ruiru, Kikuyu na Limuru, Lukenya, zimepangwa kwa mtu anayekwenda kazini. Asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Wewe unayetaka kufika Limuru asubuhi na mapema uone ukungu ukiinuka kwenye majani chai, treni ya asubuhi inakupita ikielekea ulikotoka. Jumapili nyingi hazipo kabisa. Na ratiba inabadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo usiamini ratiba uliyosoma kwenye blogu yoyote, hata hii, ndio maana sitakupa saa za treni za mtaani, nenda stesheni kuu uulize dirishani.

Dawa yake ni kulala huko. Panda ile ya Ijumaa jioni pamoja na watu wanaotoka kazini. Inapita katikati ya Kibera, karibu sana na mabati, na hapo ukipata dirisha angalia wauzaji waliopanga vitu vyao hadi kwenye mataruma: honi inalia, mama wa omena anavuta beseni upande mmoja bila hata kusimama, anavuta na mwavuli, treni inapita ikiwa imebakisha kama mkono mmoja kumgusa, na kabla behewa la mwisho halijamaliza kupita beseni limesharudi palepale na mteja ameshaanza kuuliza bei. Halafu Dagoretti, halafu Kikuyu, na baridi inaanza kuingia kwenye behewa.

Mimi nina shangazi Limuru, kwa hiyo malazi si tatizo, tatizo ni maelezo. Tata hajawahi kuielewa hii biashara.

"Unatoka Nairobi kuja kutembea?"

"Ndio, tata."

"Kwani huko barabara zimeisha?"

Na ana haki ya kuuliza. Yeye ametembea maisha yake yote kwa sababu ilibidi, shambani, sokoni, kanisani, na hata Nairobi watu wengi sana wanatembea kwenda kazini na kurudi kila siku bila mtu kuwaambia ni mazoezi. Kumwambia mtu kama huyo kwamba umelipa nauli ili uje utembee, inataka chai mbili na uvumilivu. Siku hizi namwambia nakuja kumsalimia, ambayo pia ni kweli.

Jumamosi asubuhi, kutoka Limuru, teremka upande wa Tigoni. Hii ndio sehemu chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza, 1903, na mashamba yamekatwa vizuri mpaka unaona ni kama mtu alipitisha kitana mlima mzima. Pita kwenye barabara za murram katikati ya chai, wachumaji wakiwa kazini wasalimie, usitoe simu kupiga mtu picha kabla hujasalimia, hiyo ni adabu tu. Julai kuna baridi ya kuingia kwenye mifupa na ukungu unakaa mpaka karibu saa tano, vaa sweta. Endelea kuteremka mpaka Banana, hapo matatu za tao zimejaa na uko kwenye kiti kabla miguu haijajua imefanya nini.

Au shuka Kikuyu badala ya Limuru. Kuna matembezi mafupi pale ambayo watu wa Nairobi wanayapita kila siku kwenye barabara kuu bila kujua: Ondiri. Ni kinamasi kikubwa karibu kabisa na mji wa Kikuyu, na ndio chanzo cha Mto Nairobi. Ukifika ukingoni utafikiri ni shamba la matete tu. Sasa tafuta mwenyeji akupeleke hatua chache ndani, usiingie peke yako tafadhali, na ukanyage polepole. Ardhi inabonyea halafu inakurudisha juu. Matete yaliyo hatua nne mbele yako yanayumba na hakuna upepo, ni wewe. Unachokanyaga sio ardhi, ni mkeka mnene wa mizizi na mimea iliyooza unaoelea juu ya maji, na kila ukihamisha uzito unasikia chini huko kitu kinajibu kwa sauti nzito ya "gub". Ukitoa mguu, alama inajaa maji safi, yanaonekana kabisa mpaka chini. Ni mto uleule ambao ukifika Gikomba hakuna mtu anataka kuuangalia.

Maji hayo, kama yangekuwa na tiketi, yangefika baharini kabla yako. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unaruka Fourteen Falls kule karibu na Ol Donyo Sabuk, unazunguka mbali, unakutana na Mto Tsavo, unaitwa Galana, halafu Sabaki, na unamwagikia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Ukisimama Malindi siku za mvua ukaona bahari imekuwa ya rangi ya matofali, sehemu ya huo udongo ni wetu.

Tuhamie reli mpya. Laini ya SGR kutoka Nairobi kwenda Suswa ilifunguliwa Oktoba 2019, na kwangu mimi ndio yenye mandhari kuliko zote, watu wanaidharau tu kwa sababu wanaichukua kama reli iliyoishia porini. Inatoka Syokimau inapita juu ya Nairobi National Park kwa daraja refu sana, twiga wako chini yako, halafu Ongata Rongai, Ngong, kisha unaingia kwenye handaki la kilomita 4.5 ndani ya kilima, masikio yanaziba, na ukitokea upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka lote mara moja. Hata kama hutembei, panda tu hiyo.

Ukishuka Ngong ni boda mpaka geti la msitu, unalipia kwa eCitizen, na kama mko wachache ulizia askari wa misitu awasindikize, zamani kulikuwa na visa vya wizi huko juu na sioni sababu ya kujaribu bahati.

Ukishuka Mai Mahiu una mambo mawili. Kuna kanisa dogo sana la mawe kando ya barabara ya kuteremka bondeni, lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo, linatosha familia moja kubwa na padri. Na kuna Longonot, matatu ya Naivasha inakuacha njia panda. Mlima una mita 2,776, unapanda mpaka mdomo wa kreta, unauzunguka kama kilomita 7, unateremka, jumla ni kama 13. Longonot ni duara, utarudi ulipoanzia upende usipende, kwa hivyo hapo mwenye gari hana hasara na sitampigia kelele. Vumbi lake ni la kipekee, litakaa puani mpaka Jumanne. Halafu msimu wa masika usitembee kwenye makorongo ya upande huo hata kama hapo ulipo jua linawaka, kwa sababu mvua inayokuua imenyesha kwingine juu. Aprili 2024 maji yaliyozuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua usiku yakafagia kijiji cha Kamuchiri, makumi ya watu wakafa wamelala.

Suswa yenyewe, stesheni ya mwisho, ndio ninayowapeleka watu nikitaka kuwashangaza. Kutoka stesheni mpaka mlimani ni mbali, kwa hiyo boda au probox ya kukodi, na mlimani lazima mwongozo wa Kimaasai, ardhi ni yao na njia hazina alama. Mlima Suswa una mita 2,356 lakini urefu sio habari, habari ni umbo: kreta kubwa, ndani yake kreta nyingine, na katikati ya hiyo ya pili kuna kisiwa cha mawe kilichozungukwa na shimo refu pande zote. Kuna mapango yaliyoachwa na lava, na moja nyani wanakutana ndani jioni, watu wanaliita bunge la nyani, na ukiona mawe yalivyong'arishwa na makalio yao unaelewa kwa nini.

Lakini kitu kilichoniweka pale muda mrefu ni maji. Mlimani juu hakuna mto wala kisima. Kuna nyufa zinazotoa mvuke moto wa volkano, na wenyeji wameweka mabomba juu ya hizo nyufa, mvuke unaingia kwenye bomba, unatembea, unapoa, na mwisho wa bomba unatoka tone. Tone, unangoja, tone. Chini kuna pipa. Mzee mmoja alikuwa amekaa karibu na la kwake.

"Supa, mzee."

"Ipa. Mmetoka Nairobi?"

"Ndio mzee."

"Gari yenu mmeacha wapi?"

Tukamwambia tumekuja na treni. Akaangalia viatu vyetu, akaangalia bondeni kule reli iliko, akasema hiyo treni ameiona tangu ianze lakini hajawahi kuona mtu aliyeshuka kwayo akaja mpaka hapa. Halafu akatuonyesha kwa kidole pipa lilipofika, akasema usiku wa baridi linajaa haraka kuliko mchana, bomba likiwa baridi mvuke unageuka maji upesi. Hapo nilijifunza fizikia zaidi ya ile ya kidato cha pili.

Nanyuki nitapita haraka. Treni ya zamani ilirudishwa Desemba 2020, nauli ilianza na shilingi 200, ni ya wikendi, inapita Thika, Murang'a, Sagana, Karatina, Naro Moru, inachukua siku nzima na inakwenda mwendo ambao watoto wanaweza kukimbia nayo kando ya reli wakikupungia. Shuka Naro Moru ufuate mto. Usikubali mtu akwambie unaweza kugusa Mlima Kenya na kurudi wikendi hiyohiyo, ule una mita 5,199 na haucheki na mtu. Lukenya nayo iko karibu, majabali ya kupanda na swala, nzuri kwa nusu siku, jua kali, hakuna kivuli, sina la kuongeza.

Haya, tuteremke baharini.

Madaraka Express imekuwepo tangu katikati ya 2017 na kila mtu anaijua, kilomita 472, Nairobi Terminus kule Syokimau mpaka Miritini, Mombasa. Nauli ya kawaida iliongezwa Januari 2024 kutoka 1,000 ikawa 1,500. Tiketi ni *639# au mtandaoni, na wikendi ndefu zinaisha mapema sana. Fika mapema, mizigo inawekwa chini kwenye mstari mbwa wanusie, na kisu cha kumenyea embe acha nyumbani maana kitachukuliwa. Wengi wanapanda ile ya saa tisa mchana au ya saa nne usiku kwa sababu zinakwenda moja kwa moja. Mtembeaji anapanda ile ya saa mbili asubuhi inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani. Kaa upande wa kulia. Baada ya Emali, kama hewa ni safi, Kilimanjaro inatokea juu ya mawingu, na behewa zima linahamia upande wako na simu.

Mtito mpaka Voi usifikirie kutembea popote, hiyo ni Tsavo, ya wanyama. Ni palepale kwenye daraja la Mto Tsavo ambapo 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli mpaka kazi ikasimama, na simba wenyewe sahii wamesimamishwa ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Field, Chicago. Lakini Voi shuka. Kutoka Voi matatu inakupandisha Wundanyi kwenye milima ya Taita, baridi inarudi, migomba, mito, misitu midogo kama Ngangao yenye ndege wasiopatikana mahali pengine duniani, na kilele cha Vuria mita 2,208. Watu wengi wanaipita Taita wakilala kwenye treni.

Na kama huna siku ya kutosha kwa Wundanyi kuna Sagalla, kilima kinachoisimamia Voi. Huko chini yake wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kazi aliyoanzisha mtafiti Lucy King na wenyeji. Mizinga inaning'inia kwenye nguzo na imeunganishwa kwa waya. Tembo akija usiku kutafuta mahindi anasukuma waya, mizinga yote inatikisika, nyuki wanatoka wakiwa na hasira, na tembo na ukubwa wake wote anakimbia. Mwenye shamba anabaki na mahindi, na asali juu. Tafuta mwongozo wa pale, sababu tembo wenyewe hawajahama.

Ukifika Miritini kila mtu anakimbilia matatu za Mombasa mjini. Wewe panda ya kwenda Mazeras, kinyume chao, halafu upande Rabai kwa miguu kati ya minazi, mikorosho na miembe. Krapf na Rebmann waliweka misheni yao hapo 1846, kuna makumbusho, na 1848 Rebmann alitoka huko akaenda mpaka akaiona theluji ya Kilimanjaro, mabwana wa London wakakataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Yeye alikuwa ametembea, wao walikuwa wamekaa. Misitu ya kaya za Rabai, yaani misitu mitakatifu ya wenyeji, ni kati ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia 2008, na haziingiliki hivihivi, mpaka wazee wakukubalie.

Mombasa mjini ni ya jioni. Anza Mji wa Kale, toka Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, uelekee bustani ya Mama Ngina. Huwezi kufuata ukingo wa bahari moja kwa moja kwa sababu Ikulu imekaa hapo mbele, unazunguka, halafu unatokea kwenye mibuyu ile mikubwa na upepo. Mihogo inakaangwa hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikutilie pilipili?"

"Nitilie kidogo."

Kidogo yake sio kidogo. Anapasua muhogo kwa kisu katikati, anakamua ndimu, anapiga pilipili na chumvi kwa kijiko kimoja bila kuangalia, anakufungia kwenye gazeti. Kula ukitembea mpaka Likoni, feri ya mtu wa miguu ni bure, umevuka.

Kusini ndio matembezi yangu ya bahari, na hapa hata ukiwa na mguu mzuri huendi popote bila kujua maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanakwenda mbali kabisa na yakirudi yanafika mpaka kwenye kuta za mahoteli, huna pa kupita. Kati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Anza kutembea maji yakiwa bado yanakwenda, mchanga ulioachwa na maji ni mgumu, mguu hauzami. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia saa bila kuangalia simu.

Halafu upepo. Kusi inatoka kusini kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, inaleta mwani mpaka ufukwe unanuka, na kaskazi inatoka kaskazini Desemba mpaka Machi. Watalii wanatoka hotelini wanatembea upande wowote, wanarudi wakipigwa mchanga usoni, wanasema Diani ina upepo mbaya. Ukienda njia moja tu shida hiyo huna. Wakati wa kusi anza kule chini Kaya Kinondo, ingia na mwongozo, utafungwa kitambaa cheusi kiunoni na utafuata masharti yao, utoke uingie ufukweni Galu, na upepo ukusukume mgongoni Diani nzima mpaka mdomo wa Mto Kongo, kwenye msikiti wa kale chini ya mibuyu. Maji yakiwa yamepwa vizuri unavuka mto kwa kupandisha suruali, uko Tiwi. Wakati wa kaskazi fanya kinyume. Vaa malapa ukiingia kwenye miamba, kuna vile vidudu vyeusi vya miiba na mwiba wake unavunjikia ndani.

Kurudi, kuna barabara ya Dongo Kundu sasa inayokutoa kusini mpaka Miritini bila feri, kwa hivyo unaweza kula mchana Ukunda na bado uwahi treni.

Ninachotaka mimi ni kitu kidogo. Wenye treni, mkisoma hii: treni moja, Jumamosi, saa moja asubuhi, kutoka stesheni kuu Nairobi kwenda Limuru, ile ile mnayolaza mjini wikendi. Ikirudi jioni ibebe wamama na magunia yao ya kabichi, wao watalipa hata kama watembeaji hatujajaa behewa. Kina sisi tutakuwa tumeshateremkia Banana, hatuhitaji ya kurudi.